Shaba ya Makoroboi

Shaba hii ilitoka kwenye feni iliyoungua,
feni ya wodi ya wazazi, hospitali ya mlimani.
Baba aliikata koili kwa patasi pale Makoroboi,
akanipa kipande, akauliza mara moja tu:
"Utairudisha?"
Nikasema nitairudisha.
Hakuamini. Fundi wa mota haamini
mtu anayeondoka na shaba.

Nyegezi, chumba cha nyuma, saa tatu usiku.
Mwalimu Mbuke alishatuonya:
pete ya kaboni haimtaki naitrojeni.
Zichemshe hadi kesho kutwa,
zitakaa chupa moja kama wake wenza walionuniana,
kila mmoja na kona yake.
Moto peke yake haupatanishi.

Basi natia shaba, chembe tu, chini ya mbegu ya mchicha,
na maji ya chupa yanageuka buluu,
si buluu ya ziwa
(ziwa letu kijani; anayebisha hajaoga humo),
ni buluu ya sketi ya shule siku ya kwanza ya muhula.

Harufu inapanda.
Lugoye mlinzi anagonga dirisha:
"Mnaanika dagaa humo ndani?"
Simlaumu. Kilichomo kwenye chupa
na kinachonuka vichanjani kule Igombe
ni ukoo mmoja, jina lao amini.
"Amini nini?"
Amini tu, Lugoye. Ndivyo zinavyoitwa.

Namwonyesha kwa vidole.
Shaba inaishika pete kwa mkono huu,
naitrojeni kwa huu,
inazivuta, inazikutanisha, inatoa mikono yake,
inafuata jozi nyingine.
Mshenga anayetoka karamuni na njaa ileile.
"Na faida?"
Naitrojeni ana mikono mitatu, namwambia,
kama mafiga. Dawa ya homa ya mwanao
imeinjikwa juu yake. Ondoa figa moja uone.
Lugoye akakaa kimya, kisha akaomba kiberiti.
Nikamfukuza: hapa hapawashwi kiberiti.

Saa saba umeme ukakatika.
Nikaizika chupa kwenye mchanga wa moto,
nikaivika koti langu,
nikakaa nayo gizani kama mtu anayeuguza,
nikisikia majabali ya nje yakipoa, tak, tak.

Alfajiri, chini ya taa ya zambarau,
madoa mawili ya jana yamefifia
na katikati yao limekaa la tatu,
dogo, kama limekosea njia.
Asilimia thelathini na moja.
"Kidogo," alisema Mwalimu Mbuke,
akaandika kwa kalamu ya wino.

Nikachuja. Shaba ikabaki kwenye karatasi,
nyeusi, masizi ya koroboi.
Nikampelekea baba.
"Hii siyo."
Ndiyo yenyewe, baba.
Aliishika kiganjani muda mrefu, akaipima,
akainusa, akakunja uso.
"Inanuka dagaa."
Amini, nikasema.
Akaitia kwenye kopo la misumari.