Fundo la Ukubwa wa Kiganja

Walimleta Jumanne ndani ya boksi la viazi,
jirani wa kaka yangu na mkewe. Hawakukaa hata kwa chai.
"Clifford yuko nyumba ya wazee sasa, kule Marsden.
Mbwa haruhusiwi kulala huko."
Nikachungulia: timtimu,
tambara la kudekia lililosahauliwa nje msimu mzima wa mvua,
na ndani ya tambara, macho mawili.

Nikampigia simu kijana mwenye duka la kunyoa mbwa.
"Tunamnyoa wote," akasema. "Dakika ishirini."
Dakika ishirini!
Miaka thelathini na mmoja nimekaa dirishani kiwandani Huddersfield,
sufu ya suti za mabwana imetandazwa mbele yangu,
nikitafuta mafundo kwa ncha za vidole kabla ya macho,
nikiyanyofoa kwa koleo lisilozidi kidole
pasipo kuacha tundu.
Koleo ningali nalo. Liko droo ya vijiko.

Kwanza, asiguswe na maji.
Aliyefanya kazi ya sufu anajua:
maji, joto na msuguano ndivyo vizaavyo kitambaa cha kofia,
na kofia haifumuki hata uipigie magoti.
Basi mkavu, juu ya taulo, meza ya jikoni,
unga laini wa mahindi juu ya tata
ili unywele uteleze juu ya unywele.
Kidole cha kushoto kipite chini, ngozini,
maana ngozi ya Tansy ni karatasi ya kusokotea sigara
na mkasi hauna macho.
Kisha anzia nchani. Daima nchani.
Anayeanzia shinani anamfundisha mbwa kuuma.

Aliniuma mara mbili. Ya pili niliistahili.

Nyuma ya masikio, siku nzima.
Kwapani, siku mbili, na redio, na biskuti alizokula yeye.
Tumboni nilitoa miiba ya magugu, nusu ya tofi,
na uzi wa buluu
nilioujua kabla sijauinua kwenye mwanga:
sweta niliyomfumia Clifford
mwaka ule kabla ya nyumba ya mama kuuzwa,
kabla hatujaacha kusemezana.
Kumbe bado anaivaa.
Nikaweka koleo chini. Nikachemsha maji, sikunywa chai.
Miaka kumi na tisa ya fundo moyoni,
nami ndiye fundi.

Siku ya tano nikafika ubavu wa kushoto.
Pagumu kama soli.
Bapa, duara, ukubwa wa kiganja.
Nikajaribu unga, koleo, matusi.
Nikauweka mkono juu yake nipumzike kidogo,
ukaenea.
Kiganja kizima. Hata dole gumba likakuta kibonde chake.

Hapo ndipo alipouweka wake, jioni hadi jioni, mbele ya televisheni,
vidole vimepinda kwa baridi yabisi,
haviwezi tena kushika kitana,
ila kusugua viliweza.
Joto na msuguano.

Nililikata. Lilitoka zima.
Liko dirishani; sikuona sababu ya kulitupa
wala ya kulitunza.

Jumapili tulipanda basi la Marsden.
Tansy singa tupu kuanzia kichwani hadi mkiani,
isipokuwa kipara cha waridi ubavuni.
Clifford alinitazama kama mtu asomaye namba ya basi bila miwani.
Akamtazama mbwa.
"Umemharibu, Enid," akasema.

Mkono wake ukaenda wenyewe, ukakipata kipara,
ukatua, ukaanza kusugua.
Tansy akafumba macho.

Nikafungua mkoba, nikatoa kitana.
"Sogea huko," nikamwambia.
Akasogea, kidogo, akinung'unika,
na sweta ya buluu ilikuwa imetoboka kiwiko.