Mwandani wa Zizi

Baba ni konstebo. Miaka ishirini na miwili
konstebo; si koplo, si sajini.
Tunaishi laini ya polisi, Jogoo Road,
nyumba moja, familia mbili, pazia katikati,
na upande wa pili koplo anakohoa
kikohozi chenye cheo.

Mimi Kageha nasoma historia chuoni.
Jina lake nimelifukua katika kitabu kizito:
lilikuwa maneno mawili, Baba, huko Rumi,
Mwandani wa Zizi.
Mtu wa kuhesabu kwato za Kaisari,
kunusa shayiri isiingie kuvu,
kujua farasi yupi atachechemea
kabla farasi mwenyewe hajajua.

Lakini aliye karibu na farasi yu karibu na vita,
na aliye karibu na vita hakai mbali na kiti.
Kaisari akahamia mashariki, zizi likafuata.
Wafalme wa Kifaranki wakaliokota jina,
wakalipiga pasi, wakalifunga upanga,
hata mwandani akaongoza majeshi,
akala mezani pa mfalme, mkono wa kuume,
vidole havinuki tena samadi.

Kisha likaanza kushuka ngazi.
Ikulu hadi ngome, ngome hadi kijiji,
likapewa rungu na taa ya usiku,
likapanda meli, likateremka na reli
hapa penye matope ya maji baridi,
likavikwa kaptura, likanyimwa viatu.

Nilimsomea. Akanyoosha goti linalomuuma:
"Kumbe nilianzia juu?"

Jumapili akapangiwa lindo uwanja wa farasi, Ngong Road.
Radi ilipasuka. Farasi mwekundu akamtupa mpandaji,
akaruka ua, akaelekea foleni ya watoto wa aiskrimu.
Inspekta akapiga filimbi.
Mkuu wa kituo akapiga simu.
Baba akavua kofia, akatembea, hakukimbia,
akinong'ona Kimaragoli cha ng'ombe wa babu,
akashika hatamu.

Sisi husema hivyo juu ya marais.
Lakini ile ilikuwa ngozi, imelowa povu,
na kiganja chake kilichunika.

Kitabu cha matukio kiliandikwa: Farasi amedhibitiwa.
Na nani, hakikusema.

Usiku nikimpaka mafuta ya mgando
aliniletea mkono puani.
"Nusa, mwanahistoria."

Ng'ambo ya pazia, koplo akakohoa.