Geuza

Neno la Kiswahili alilolijua Kuriakose
lilikuwa moja tu, nami ndiye niliyemfundisha:
geuza.
Geuza kanzu, Mghoi, anza na ndani,
mshono kwanza, kisha kwapa, kisha upindo wa ukosi;
huku nje wanakokuona watu
kutanyooka kwenyewe.

Miaka ishirini na miwili yuko Ruwi, nyuma ya duka la matairi.
Mvuke umemla kope.
Kwao Kerala amejenga nyumba kwa simu, chumba baada ya chumba,
nyumba ambayo hajailala hata usiku mmoja.
Ufunguo anao. Umetundikwa msumarini
juu ya pipa la wanga.

Alhamisi ndiyo siku yetu ya kiama:
kanzu mia mbili, nyeupe, nyeupe, nyeupe,
za Ijumaa ya wenyewe,
kila moja na namba ya uzi mwekundu shingoni.
Nyuso zao sizijui. Najua jasho lao:
huyu wa kahawa, huyu wa udi,
huyu kifuani ana doa la manjano
la mtu alaye huku akiwaza deni.

Usiku ule wa Julai, namba mia na kumi na nane,
nilisinzia kidogo, kiasi cha kusema amina.
Pasi ikaacha ulimi wa kahawia chini ya kwapa.
Nikatazama huku, nikatazama huku.
Nikaikunja, doa likalala ndani,
nikaitia kwenye plastiki, nikabandika risiti.
Nani atainua mkono ili kwapa lionekane?

Ijumaa ndiyo Jumapili yetu ya huku.
Saa nane mchana, zamu ya Waswahili,
viti bado vina joto la Watamili waliotutangulia.
Tuliimba mbinguni mpaka feni zikachoka.
Katekista Mwandawiro akauliza nani yuko tayari,
na sote tukanyoosha mikono.
Nikauona wangu hewani.

Sikungoja baraka.

Nilikwenda kwa miguu hadi Wadi Kabir, jua likinigonga utosini,
na njiani nikakumbuka nilivyokuwa nikidhani:
kwamba kujiandaa ni kama sisi na mkataba,
unahesabu miezi, unajaza sanduku,
kilo thelathini, blanketi, sufuria, manukato ya shangazi,
na hapa unapita tu; mpita njia hafagii ua.
Lakini sanduku halina kwapa.

Namba mia na kumi na nane alifungua mlango akiwa ameivaa,
mzee Humaid, Kiswahili chake cha Unguja
kimekauka kama tende ya mwaka juzi.
Nikamwomba ainue mkono.
Akainua. Akatazama. Akanyamaza
mpaka nikasikia friji yake ikinguruma.
Riali tisa, akasema.
Nikatoa tisa katika tisini zangu za mwezi.
Akazihesabu.
Hakusema Mungu akubariki.
Akafunga mlango, nikabaki nje na harufu ya udi.

Sijui huko juu kukoje.
Sanduku langu bado nusu,
na hayo mavazi meupe ya watakatifu
sijui hupigwa pasi na nani.
Jumamosi alfajiri Kuriakose alinikuta nimewasha mvuke,
kanzu ya kwanza mezani, namba sijaisoma.
Hakuuliza kitu.
Alinisogezea bakuli la maji ya kunyunyiza,
nami nikaishika kanzu mabegani
nikaigeuza.