Mkunja Miamvuli

Naitwa Koplo Sechelela. Sijawahi kuruka
hata kutoka juu ya ukuta wa jirani.
Nakunja. Meza yangu ina urefu wa ng'ombe sita waliopangana,
nailoni imelala juu yake, na kamba ishirini na nane
nazihesabu kwa sauti, kisha nazihesabu kimya.

Wao ni kumi na wawili kwa timu.
Majina siyajui; nawajua kwa kilo.
Themanini na Moja ni mganga, ana uzi wa kushonea watu.
Tisini na Nne ni wa baruti: huchagua nguzo moja ya daraja,
zilizobaki huanguka zenyewe kwa aibu.
Sabini na Mbili ni wa redio.
Kiongozi hana kilo maalumu, hupungua kila safari.
Amri yao haipiti ngazi kwa ngazi kama yetu.
Hutoka juu kabisa, hudondoka kama jiwe kisimani.

Jeshi kubwa huingia na vumbi lake.
Hawa huingia kama usingizi.

Mji huu jina lake ni kudidimia:
tembo alikuja kunywa, tope likambakiza.
Kazi yangu ni kinyume cha jina hilo.

Juni, upepo ukichuna rangi ya mabati,
walirushwa usiku, zoezi la kushika uwanja wa ndege
bila kuamsha mbwa.
Asubuhi nikapokea miamvuli kumi na mmoja.
Kadi ya kumi na mbili ilikuwa mezani,
ina sahihi yangu.
Kalamu ikawa na uzito wa mtu.

Saa nane mchana akaja mwenyewe, Sabini na Mbili,
mwavuli ameufunga kama mzigo wa kuni.
Upepo ulimtupa Chilonwa, shambani.
Akajifukia, akazima redio, akazima taa, nusura azime pumzi.
Mtoto anayeamia ndege, juu ya dungu, akamwita:
"Mjomba, toka hapo, unavunja mtama wa mama."
Akavunishwa mistari mitatu ndipo akaachiwa.

Hilo hakuliandika kwenye ripoti. Wala mimi.
Nilikung'uta mikunjo, punje zikajaa kikombe,
nikaichana ile kadi, nikaandika mpya.

Keshokutwa wanaruka tena.
Upepo haujatulia.
Nimefika kamba ya kumi na tisa;
usinisemeshe.