Koti Halifuliwi

Kizuri chajiuza, wanasema. Hili halikujiuza.
Lilikuwa chini kabisa ya robota, Karume,
limejikunja kama mbwa aliyelowa,
na Mwinshehe mwenye meza alilishika kwa vidole viwili:
"Dada, hili lina mafuta. Elfu nane tu.
Au chukua la nailoni, jekundu, linang'aa."

Mimi husoma mita za maji, Kigogo mpaka Mburahati.
Ya nailoni nayajua. Nimezika matatu.
La kwanza lilichanwa na msumari wa geti,
la pili lilinichemsha kama kiazi,
la tatu, masika yalipoanza, liliacha kazi.

Nikalinusa: mshumaa na gereji.
Nikaligeuza ndani nje, nikapeleka kidole kwapani,
maana koti la nta huanza kufa kwapani na viwikoni,
pale mwili unapojikunja.
Mishono mizima. Zipu ya shaba, meno yote.
Kisha nikafungua chupa yangu ya kunywa
nikamwaga kidogo begani.

Maji yakasimama.
Yakawa shanga, yakatazamana, yakateremka
kama watu walioambiwa ofisi imefungwa.

"Elfu kumi na mbili," akasema Mwinshehe.
"Si ulisema nane?"
"Nilikuwa sijaona maji."

Masika mawili tulitembea pamoja.
Tope nililiacha likauke, nikalikwangua kwa kijiti,
nikapangusa kwa kitambaa na maji baridi, basi.
Halipendi sabuni. Halipendi pasi. Halipendi jua la saa saba.
Hutundikwa kivulini, mbali na shuka za watu,
kwa sababu lina tabia ya kuacha salamu.

Kisha Kondo.
Tulinuniana siku nne, sababu nimeisahau
(sijaisahau; ilikuwa kodi ya nyumba).
Miaka tisa ya ndoa hajawahi kufua hata leso yake,
siku ya tano akachemsha maji,
akamimina sabuni ya unga nusu pakiti,
akalisugua koti kwa brashi ya sakafu
mpaka likatoa roho.
Nilirudi nikalikuta kambani, juani,
jepesi, kijivu, safi kama sanda.
"Nimelifanya jipya," alisema,
povu bado liko kiwikoni.

Ungekuwa wewe ungesema nini?
Maneno matano yalinijia, yote ya kweli.
Nikachota kikombe cha maji, nikamwaga begani.
Bega likayanywa yote.
Kondo akatazama bega. Akatazama mikono yake.
"Lilikuwa chafu," akasema, polepole.
"Huo uchafu ndio ulikuwa koti."

Jumamosi: nta robo kilo kwa muuza asali wa Manzese,
mafuta ya kitani kwenye duka la rangi, Kariakoo.
Kopo ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo;
usiliweke juu ya mkaa wenyewe, nilimwambia,
nta haigombi, huwaka tu.
Yeye alipaka, mimi nilikandamiza mishono kwa kidole gumba.
Tukaazima draya ya saluni kwa Mama Shamsa,
tukapuliza mgongo, mikono, kola,
nta ikayeyuka, ikazama,
na rangi ya majani makavu ikarudi taratibu
kama mtu anayekumbuka jina.
Matambara nikayatandaza uani, moja moja:
mafuta yale yakikunjwa na kulundikwa
hukaa kimya, yakapata joto, yakajiwasha yenyewe.
"Kama nani?" Kondo akauliza.
Sikumjibu. Nilicheka kwa pua.

Siku tatu lilining'inia chumbani, tukalala ndani ya mshumaa.
Ya nne mvua ilishuka kabla ya adhana.
Nikalivaa. Mlangoni Kondo alinishika bega;
si mahaba, alikuwa anakagua mshono.

Kwapa la kushoto bado linapitisha.
Alilipaka yeye.
Tone moja moja, baridi, mpaka Mburahati,
na sijamwambia.