Safu ya Tatu

Vello, safu ya tatu imeshuka hadi kiunoni.
Nimekwenda bandani alfajiri, tochi mdomoni,
nikatoa kuni kumi na mbili kama ulivyonizoesha:
sita za jiko, sita za sauna ya Jumamosi.
Ukuta wa nyuma sasa unaonekana,
na ule msumari, na kofia yako juu ya msumari,
na buibui ndani ya kofia.

Siku ile Tartu, daktari, msichana mwenye mikono ya baridi,
alisema kongosho. Alisema saratani.
Akasema miezi, asiseme mingapi,
nami nikahesabu vidole vyake juu ya meza.
Wewe ulimuuliza kama bado unaruhusiwa kuinua vitu vizito.
Basi la Võru lilikuwa linateleza kwenye barafu.
Ulinyamaza mpaka darajani, ndipo ukasema:
"Tutahitaji kuni za miaka mitatu."
Nilikasirika. Nilitaka uniambie neno jingine.

Wengine huacha wosia. Wewe ulipasua magogo.
Kiangazi kizima nilisikia shoka: pa, kimya, pa, kimya,
na kila wiki kimya kilirefuka.
Suruali uliifunga kwa kamba ya katani.
Aino wa jirani alileta supu, ukamrudishia sufuria tupu;
najua aliyeinywa ni paka.
Külli akapiga simu kutoka Helsinki: "Baba, pumzika!"
"Nitapumzika, mwanangu. Muda wa kupumzika nimepewa mrefu."
Ukacheka. Ulicheka peke yako.

Oktoba ulikuwa umeketi juu ya gogo la kupasulia,
ukipanga kwa mdomo, Marek akipanga kwa mikono:
"Gome juu. Juu, nimesema. Mvua haina adabu."

Tulikuzika Novemba, ardhi ikiwa bado inakubali sepetu.

Baridi ya kwanza nilichoma bila kutazama.
Ilikuwa ya pili, usiku umeme umekatika,
niliposogeza ukuni kwenye mwali nikaona mwandiko:
penseli ya seremala, herufi nene
za mtu ambaye hata kadi ya sikukuu alinisukumia mimi niandike.

*Huu ndio mti uliokuzibia jua jikoni. Haya, umeshinda.*

Miaka kumi na tisa tuligombania mti ule!
Nikakaa sakafuni. Nikatoka na koti juu ya gauni la kulalia,
nikapekua safu nzima theluji ikinijaa viatuni.

*Mbichi. Usiuguse kabla ya Machi.*
*Huu wa Aino. Mpelekee, yeye haombi.*
*Leo maumivu. Nimepasua saba tu.*

Basi. Vinne. Katika safu nzima, vinne.
Na ile ya kwanza, Vello?
Ile niliyoimaliza macho makavu, nikikulaumu kwa ukimya wako?
Nilipika uji kwa sentensi zako.
Nilikausha soksi za wajukuu.
Labda lile neno nililolitaka ndani ya basi
nililichemshia viazi.

Sasa kila ukuni naugeuza mara mbili kabla ya kuutia motoni,
kama mtu anayekagua noti bandia.
Safu hii ya tatu haina kitu. Mpaka leo, haina kitu.
Nadhani mkono ulikuwa umeshachoka.
Ule wa saba tu nimeuweka nyuma ya mlango wa chumbani.
Külli alipokuja akasema, "Mama, huo ni ukuni."
Nikamwambia najua ni ukuni.

Jana Marek ameleta magogo mapya kwa trela,
yeye ambaye ulisema shoka analishika kama kijiko.
Amepasua mpaka giza, akapanga, akaniita nikaone.
Safu imepinda. Gome lote liko chini.
Nikamwambia ni nzuri.
Alipoingia kunawa mikono niligeuza ukuni mmoja.
Nyingine nimeziacha hivyo hivyo, zinyeshewe.