Vuta, Ishike, Achia

Chumba changu hakina dirisha.
Kiko orofa ya pili, nyuma ya Mwembe Tayari,
juu ya duka la maturubai, na mashine yenyewe kongwe,
huguna kabla ya kuanza kazi
kama mtu mzima akiinuka mkekani.
Ghuba haianzii uwanja wa ndege.
Inaanzia hapa, kidevu juu,
mabega mbele yaguse ubao wa baridi.
Vuta pumzi. Ishike. Achia.

Wanatoka Bamba, Kinango, Bangladesh ya Mikindani.
Wakala huwangoja ngazini,
pasipoti zao ziko kwake, ndani ya bahasha ya kaki.
Nawaambia: vua mkufu, toa pini. Hirizi pia.
Hirizi ndiyo huwatia shaka.
Huifumbata ngumini, nami hujifanya sioni.
Ngumi haimo pichani.

Fomu yangu ina visanduku viwili:
Anafaa. Hafai.
Mwenye nyumba kule hataki kikohozi jikoni mwake.
Sawa. Lakini cha tatu sijakiona:
mgonjwa, na dawa ipo, tena bure.

Mbeyu Chengo aliingia mwaka ule wa mvua nyingi.
Pafu la kulia, juu, duara jeupe
kama alama ya kikombe kwenye kitambaa cha meza.
Nikatia tiki: Hafai.
Wakala akapanda ngazi mbili mbili.
"Fundi, una vifua tele humo kabatini.
Mpe kimoja kizima."
Akaweka elfu tatu. Akaongeza mbili.
Sitasema sikuzitazama; karo ya mwanangu ilikuwa haijalipwa.
Nikazisukuma kwa ncha ya kalamu.
Basi akamwacha Mbeyu palepale chini, na deni la nauli,
kama mzigo uliokosa mwenyewe.

Niliteremka na aproni ya risasi mabegani,
nzito, sikukumbuka kuivua,
nikamkuta kando ya muuza viazi karai.
Nyuma ya risiti nikamwandikia kwa penseli:
Tudor, hospitali, mlango wa kijani,
nenda asubuhi, usilipe kitu.
Akasoma polepole.
"Huyu naye anapeleka nchi gani?"

Miezi sita ya vidonge.
Mkojo mwekundu aliomficha shangazi yake.
Aliporudi, pafu lilikuwa jeusi, jeusi safi;
kwetu sisi wa gizani, weusi ndio afya.
Nikatia tiki sanduku la kwanza.
Nilifurahi. Hilo nalikiri.

Jana alikuja tena, mwaka wa tatu huo,
na mdogo wake Kache,
na wakala mwingine, bahasha ileile.
"Kabla yake nipige mimi. Nalipa mwenyewe."
Vuta pumzi, nikasema.
Akavuta nusu, akakunja uso.

Mapafu salama.
Lakini ubavu wa saba, na wa nane,
zilivunjika zikajiunga zenyewe, upande,
kama mlango uliotiwa bawaba na fundi mwenye haraka.
"Ngazi," akasema.
Akavaa buibui lake, akafunga vifungo vyote.
"Si ngazi."

Alipokwenda, walimpima damu, mkojo, kifua, macho,
wakampima tena aliposhuka upande wa pili.
Aliporudi, walimpima mizigo.
Niliigeuza fomu mbele na nyuma
nikitafuta pa kuandika mbavu.
Hapana.

Wakala akabisha. Fundi, foleni!
Nikatia komeo.
Nikamwita Kache, hirizi bado shingoni,
nikazipachika picha tatu za dadake
kwenye ubao wenye taa, mwaka kwa mwaka,
nikasogea kando.

Hakuuliza kitu.
Akaanza kuhesabu kwa kidole,
kutoka juu.